Mtoto Asiyeitika Jina Lake

(Maneno ya Mweka Hazina kwa niaba ya Kamati Ndogo ya Afya na Elimu, kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama chetu, Dar es Salaam)

    

Miaka yote mweka hazina akisimama hapa mnajua anakuja kusema nani amelipa ada na nani bado. Orodha hiyo ipo, imebandikwa pale mlangoni, na tumeona baadhi yenu mmeipita haraka haraka. Leo Kamati imetutuma jambo lingine. Tumekuja kuzungumza juu ya watoto wetu wadogo ambao hawakui kama wenzao, na hasa wale wenye hali inayoitwa usonji. Mtajiuliza mhasibu anajua nini kuhusu ubongo wa mtoto. Mambo ya kitabibu tumeelekezwa na wenye taaluma yao, na tumeyaandika kama tulivyoelekezwa. Lakini jambo lenyewe tulilikuta kwenye hesabu.

Mwaka jana, mtakumbuka, tulipanda milimani kukagua paa la zahanati tulilolichangia. Tukiwa huko tukaomba daftari la kitongoji kimoja na daftari la darasa la awali la shule ya jirani, ili tujue madawati mangapi yanahitajika. Majina hayakulingana. Kitongojini kulikuwa na watoto 11 wa umri wa kuanza shule ambao mwalimu hakuwa nao. Tukamwuliza balozi. Akasema saba wamehama na wazazi wao. Na wanne? Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hao wapo ndani."

Tuliwaona wanne hao, kwa ruhusa ya wazazi wao. Mmoja ana mtindio wa ubongo, viungo vyake vimekaza tangu kuzaliwa. Mmoja hasikii. Wawili waliobaki, mvulana na msichana, wanatembea vizuri, wanakula vizuri, sura zao nzuri kama za watoto wa nyumba yoyote, ila hawasemi, hawaitiki wakiitwa, na hawakutazami. Mvulana alikuwa na kamba kiunoni, imefungwa kwenye mti wa mpeasi nyuma ya nyumba. Mama yake alikuwa bondeni akivuna kabichi za watu, kibarua cha siku.

Tunaomba hapo tusimame kidogo, kwa sababu tunajua mioyo inavyokimbilia kumlaumu mama. Mama yule alitueleza kwamba mwanawe huondoka. Huondoka bila kusema, bila kuangalia nyuma, na huvutwa na maji. Mara mbili alikutwa kwenye kijito chini ya mteremko, mara moja kwenye barabara ya malori ya mboga. Kamba ile ndiyo iliyomweka hai mpaka siku ile, na mama anajua kuwa ni kamba. Alisema hivi: "Nikimfungua nisiende shamba, tutakula nini?" Hatukuwa na jibu la kumpa siku hiyo. Maneno haya tunayoyatoa leo ni sehemu ya jibu, na bahasha mlizopewa mlangoni ni sehemu nyingine.

Tuliomba pia kuona kadi ya kliniki ya mtoto. Ndugu zetu, tumekagua vitabu vya kampuni nyingi katika kazi yetu, na vichache vilikuwa safi kama kadi ile. Uzito umejazwa kila mwezi. Chanjo zote zimetiwa alama. Mstari wake wa ukuaji unapanda vizuri. Mama yule alipanda na kushuka mlima na mtoto mgongoni, mwezi hadi mwezi, hakukosa. Na hakuna mahali popote kwenye kadi ile palipoandikwa kwamba mtoto huyu hasemi. Alipouliza, alijibiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa, asubiri. Akasubiri. Alipouliza tena mwaka uliofuata akaambiwa vile vile. Hatusemi ni zahanati ipi, maana jibu hilo lingeweza kutolewa na zahanati nyingi nchini, na muuguzi aliyelitoa hakufundishwa jibu lingine. Mizani alikuwa nayo, ndiyo maana alipima uzito.

Sasa usonji ni nini? Kwa maneno yetu ya kawaida, ni tofauti katika jinsi ubongo unavyokua tangu mtoto akiwa tumboni, na huonekana zaidi katika mambo mawili. La kwanza ni mawasiliano na watu: kutazamana, kuitika, kuonyesha kitu, kuzungumza, kucheza na wenzake. La pili ni kurudiarudia na kushikilia: mtoto anapunga mikono, anazunguka, anapanga vizibo vya soda kwenye mstari saa nzima, anazungusha tairi la gari la kuchezea badala ya kuliendesha, anataka njia ile ile na kikombe kile kile. Wengi wao masikio na ngozi zao hupokea mambo kwa nguvu kuliko zetu. Honi ya basi, sweta la sufu, harufu ya dagaa, vinaweza kumfanya apige kelele kana kwamba amechomwa. Wengine ni kinyume, huumia na wasilie.

Haufanani kwa watu wote. Wapo wenye usonji waliosoma hadi chuo kikuu na wanafanya kazi ofisini. Wapo ambao hawatasema neno maisha yao yote na watahitaji mtu wa kuwalisha na kuwavalisha. Anayewaambia kwamba wote wana kipaji cha ajabu cha hesabu anawadanganya, na anayewaambia kwamba hawafundishiki anawadanganya zaidi.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa mjini, au wa wazungu. Daktari Leo Kanner aliueleza katika makala yake ya mwaka 1943 huko Marekani, kwa kuwaangalia watoto 11, na ni kweli kwamba kwa miaka mingi waliouchunguza walikuwa huko. Lakini watafiti walioko Kilifi, pwani ya jirani zetu Kenya, wamekuwa wakiwachunguza watoto wa vijijini wenye usonji na ucheleweshaji wa makuzi kwa miaka mingi, na watoto hao ni wa wakulima kama sisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria, kwa takwimu za mwaka 2021, kwamba mtu 1 kati ya 127 duniani ana usonji. Chukueni kijiji chenye watoto 800. Gawanyeni. Ni watoto 6. Marekani, ambako wanatafuta kwa bidii, kwa watoto wa miaka 8 waliohesabiwa mwaka 2022 walipata 1 kati ya 31, na wavulana walikuwa zaidi ya mara tatu ya wasichana. Kwa kiasi kikubwa hesabu hizi hupanda pale watu wanapojua cha kutafuta. Kwetu wanakaa ndani, ndiyo maana hatuwahesabu.

Tufike kwenye dalili. Hapa tunaomba kina mama, kina baba na hasa kina bibi msikilize, kwa sababu bibi ndiye anayemlea mjukuu na ndiye aliyelea wengi wa kumlinganisha nao.

Mtoto wa miezi 9 ukimwita jina lake kwa kawaida anageuka. Akifika mwaka mmoja anapunga mkono wa kwaheri, anasema ba-ba, da-da, ma-ma, anamwita mzazi kwa jina lolote lile la kitoto. Mwaka mmoja na nusu anakuonyesha kwa kidole. Hilo la kidole msilipuuze. Kuna kidole cha kuomba, kwamba nipe ile ndizi. Na kuna kidole cha kushirikisha, kwamba tazama ng'ombe yule, halafu anageuka kutazama uso wako kama na wewe umemwona. Hicho cha pili ndicho ambacho mtoto mwenye usonji mara nyingi hana. Yeye atakushika mkono, auburute hadi kwenye chungu kana kwamba mkono wako ni mwiko, bila kukutazama usoni. Miaka miwili mtoto anaunga maneno mawili: mama njoo, maji hapa. Na kutembea, Shirika la Afya Duniani lilipowafuatilia watoto wa nchi mbalimbali, liliona kwamba wengi huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18. Aliyevuka hapo hatembei, apelekwe.

Mtoto mmoja kuchelewa jambo moja kwa mwezi au miwili si habari ya kulala njaa. Watoto hutofautiana kweli. Lakini akiwa hageuki akiitwa, haonyeshi kwa kidole, na hana neno hata moja akiwa na mwaka mmoja na nusu, hayo matatu yakiwa pamoja, msisubiri. Na kuna jambo moja ambalo halina kusubiri hata wiki: mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza. Alikuwa anasema mama, anasema maji, ghafla kimya. Huyo apelekwe mara moja, awe na umri wowote.

Si kila anayechelewa ana usonji, na ndiyo sababu ya kupima. La kwanza kabisa kupimwa ni masikio. Mtoto asiyesikia naye haitiki wala hasemi, lakini mara nyingi atakutazama usoni, ataongea nawe kwa mikono. Huyu akipata kifaa cha kusikia au lugha ya alama mapema, maisha yake ni mengine kabisa. Kuna aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuna aliyepata manjano kali akiwa mchanga, kuna aliyeugua malaria ya ubongo au uti wa mgongo akapona na kichwa kikabaki na kovu, kuna mwenye kifafa kinachomfanya aduwae tu bila kuanguka, kuna mwenye utapiamlo. Baadhi ya hayo yana dawa. Baadhi yanazuilika kwa mama kujifungulia mahali penye wakunga waliofundishwa. Wengine wanayo mawili pamoja, usonji na kifafa. Kuyaita yote "jini" au "ukaidi" ni kama kuandika matumizi yote ya ofisi kwenye mstari mmoja wa "mengineyo". Mkaguzi yeyote atakurudishia kitabu.

Tumegusa jini, basi tumalize. Usambaa ina waganga tangu enzi za Wakilindi wa Vuga, na wazee wetu walitibiwa nao, hatukuja hapa kuwatukana. Lakini familia ya yule msichana tuliyemwona ilitutajia walichotoa katika miaka mitatu: mbuzi wawili, kuku wasiokumbukwa idadi, na kipande cha shamba cha bondeni kilichowekwa rehani. Mganga mmoja alisema ni bibi wa upande wa baba. Tangu siku hiyo nyumba mbili za ukoo mmoja hazisalimiani, na msichana bado hasemi. Hapa mjini nako wapo waganga wa aina nyingine, wanauza kwenye simu maji ya dawa ya klorini wakisema yanaondoa usonji. Hiyo ni kemikali ya kung'arishia nguo, inaunguza utumbo wa mtoto. Hakuna dawa ya kunywa inayoondoa usonji. Madaktari hutoa dawa kwa mambo yanayoandamana nao, kama kifafa au kukosa usingizi.

Wala mama hakuusababisha. Hata huko Ulaya na Marekani, miaka ya 1950 na 1960, walikuwapo wasomi walioandika kwamba mtoto anakuwa hivi kwa sababu mama yake hana upendo. Nadharia hiyo ilitupwa, baada ya kuwaumiza kina mama wengi. Kinachojulikana leo ni kwamba sehemu kubwa imo katika urithi wa vinasaba vya wazazi wote wawili. Kwa hiyo baba anayemfukuza mke kwa kumzalia mtoto wa namna hii, ajue kwamba nusu ya vinasaba vya mtoto ni yake.

Na chanjo. Swali hili tuliulizwa Lukozi, tukaulizwa na Sinza, kwa maneno yale yale. Habari ya kwamba chanjo ya surua inaleta usonji ilitokana na makala ya daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, mwaka 1998. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa nchi hiyo. Denmark waliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakachapisha matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18, umri ule ule ambao dalili zinaanza kuonekana, ndipo watu wanapounganisha. Surua inaua. Rubela kwa mama mjamzito inaweza kumzaa mtoto asiyesikia wala kuona. Wapelekeni watoto wakachanjwe.

Kuna jambo la lugha, ambalo ni letu hasa. Tumesikia wazazi vijana wa hapa mjini wakiambiwa waache kumsemesha mtoto Kisambaa kwa sababu lugha mbili zinamchanganya, ndiyo maana hasemi. Si kweli. Lugha mbili hazileti usonji. Bibi aendelee na Kisambaa chake, maana bibi akinyimwa lugha yake ananyamaza, na mtoto wa namna hii anachohitaji ni watu wanaosema naye, siyo watu walionyamaza. Simu ya katuni nayo haileti usonji, lakini saa nne za simu ni saa nne ambazo hakuna aliyezungumza na mtoto. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe.

Sasa tunaingia mahali penye ukakasi, na tunaomba msamaha kwa wazee kama tutasema kwa ukali. Baadhi ya watoto waliofichwa milimani hawakuzaliwa milimani. Walizaliwa hapa, Tabata, Mbezi, Kigamboni. Wazazi walipoona mtoto hakai sawa, majirani wanauliza, wageni wanatazama, wakampakia kwenye basi kwenda kwa bibi, "akapate hewa nzuri". Hewa ni nzuri kweli. Lakini bibi ana miaka 70, hawezi kumkimbilia mtoto kwenye mteremko. Zahanati iko mbali. Na mtoto ametolewa kwenye mji wenye Hospitali ya Taifa Muhimbili, wenye wataalamu, wenye shule yenye kitengo cha watoto wenye usonji kama Msimbazi Mseto, akapelekwa mahali ambapo basi la mjini huondoka alfajiri na kurudi jioni. Pesa ya matumizi inatumwa, hilo hatukatai. Miamala tunaiona, wengine mnatupitishia sisi. Wazazi hao wamo humu ukumbini. Hatutataja mtu, na hatukuja kumwaibisha mtu. Tunaomba tu mwende mkawachukue, au kama haiwezekani, mje tuzungumze jinsi ya kumsaidia bibi.

Nini kinasaidia? Kuanza mapema, na kuanza nyumbani. Wataalamu walituonyesha mambo ambayo hayahitaji pesa. Kaa chini, uso wako uwe sawa na uso wake. Akipanga vizibo, na wewe panga vizibo, usimnyang'anye. Mwite kila kitu kwa jina, kwa maneno machache: maji, kikombe, kunywa. Kisha nyamaza umpe nafasi, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Akikutazama tu, furahi kwa sauti. Siku yake iwe na mpangilio ule ule, na ukitaka kubadilisha mwandae kabla. Asiyesema afundishwe kuonyesha kwa picha: picha ya kikombe, picha ya choo, picha ya nje. Yule mvulana wa kamba sasa ana umri wa miaka 6. Masikio yake yalipimwa, yako sawa. Baada ya miezi kadhaa ya kufundishwa, yeye na mama yake, anachukua kipande cha kadi chenye picha ya kikombe na kumpa mama akitaka maji. Hasemi bado. Anaweza asiseme. Lakini mama anatuambia kwamba kupiga kichwa ukutani kumepungua sana, kwa sababu kumbe mara nyingi alikuwa na kiu. Bado anaondoka. Wamejenga uzio wa mabanzi kuzunguka ua, na shangazi yake huja siku za kibarua. Kamba imetolewa.

Watu wa kusaidia hawako mbali kama tunavyodhani. Lushoto kwetu ipo shule ya Irente Rainbow, ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, inayowapokea watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Tanga ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Moshi ipo KCMC, ambako wanafundishwa wataalamu wanaowasaidia watoto kujifunza shughuli za kila siku, kula, kuvaa, kucheza. Walimu wa elimu maalumu wanafundishwa Patandi, Arusha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama mwenzake. Na halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Fedha ipo, nyumba hizi hazijui njia ya kuifikia.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kazi yetu. Kamati imeleta mpango wa mwaka mmoja.

Kwanza tunataka kuwafundisha wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 40, kwa siku tano, waweze kumwuliza kila mama maswali ya makuzi wakati ule ule wanapopima uzito. Yapo maswali kumi mafupi yaliyotumika nchi nyingi, Kilifi ikiwemo, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9; muuguzi hahitaji mashine, anahitaji dakika kumi. Kwa wadogo zaidi atatumia hatua zile tulizozitaja. Chakula, malazi na nauli ni shilingi 45,000 kwa mtu kwa siku, yaani 9,000,000. Wakufunzi na vitabu 3,400,000.

Pili, nauli. Hili ndilo kubwa na msiliguse mkitafuta pa kupunguza. Mama hawezi kumfikisha mtoto Tanga au Moshi akapimwe masikio akarudi siku hiyo hiyo. Tumeweka watoto 60, safari mbili kila mmoja, shilingi 110,000 kwa safari ya mama na mtoto pamoja na kulala. Ni 13,200,000.

Tatu, chumba kimoja kwenye shule ambayo tayari ina jengo lisilotumika: uzio, choo, mikeka, vifaa vya kuchezea, rangi isiyoumiza macho. Ni 9,600,000. Na kina mama wawili wasaidizi watakaokaa na watoto mchana ili wenzao waende shamba, posho ya 150,000 kwa mwezi kila mmoja, 3,600,000 kwa mwaka.

Jumla ni shilingi 38,800,000. Kwenye akaunti tuna 7,300,000 zilizobaki kwenye paa la zahanati. Tunatafuta 31,500,000. Wanachama hai ni 350. Ni 90,000 kwa kila mmoja, au 7,500 kwa mwezi. Anayeweza zaidi asizuiwe na hesabu yetu, na asiyeweza hiyo alete anachoweza. Risiti itatoka hata kwa shilingi 1,000.

Fedha hizi zitakaa kwenye akaunti yake peke yake, haitachanganywa na ya misiba. Watia saini ni watatu, mmoja wao ni mama aliyechaguliwa na wazazi wenyewe. Taarifa ya matumizi itabandikwa kwenye mbao za matangazo za kata kila baada ya miezi mitatu, na nakala itasomwa hapa.

Jambo la mwisho. Mezani kwetu, pembeni ya daftari la michango, kuna daftari dogo la kijani. Hilo si la pesa. Anayejua mtoto, hapa mjini au nyumbani, aliye kama hawa tuliowaeleza, aandike kijiji na namba ya simu ya mtu wa kumpigia. Jina la mtoto si lazima. Daftari hilo atakuwa nalo mama mmoja wa Kamati, muuguzi mstaafu, na hakuna mwingine atakayelisoma. Asiyetaka kuonekana akiandika, mama huyo atakuwa kule nyuma karibu na jikoni mpaka ukumbi ufungwe.